Shahidi Anayebaki Kijijini: Polisi na Wananchi katika Milima ya Usambara

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa rasmi mwezi Agosti 1919, na makao yake makuu ya kwanza yaliwekwa Lushoto, mji mdogo wa milimani ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na ambao utawala wa Waingereza, chini ya Horace Byatt, ulikuwa umeutumia kama kituo chake wakati vita vya kwanza vya dunia vikielekea ukingoni. Makao hayo yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Kwa muda wa miaka kumi hivi, basi, amri zilizowaongoza askari kutoka Bukoba hadi Lindi zilitoka katika nchi ya Wasambaa, jambo ambalo vitabu vya historia vya shule havilitaji na ambalo wakazi wengi wa Soni, Bumbuli na Mponde wangeshangaa kuambiwa. Hata hivyo, kukaa kwa makao makuu milimani hakukumleta askari karibu na mwananchi wa milimani. Polisi wa kikoloni aliwekwa kwanza kabisa kuilinda serikali, ukusanyaji wa kodi, mashamba ya walowezi na reli iliyopita bondeni, na mwizi wa mbuzi kijijini aliachwa kwa jumbe na baadaye kwa mahakama za wenyeji.

Tofauti hiyo ya asili ni muhimu kwa hoja ya sura hii. Polisi wa London walioundwa na Robert Peel mwaka 1829 walihusishwa na wazo kwamba polisi ni raia waliolipwa kufanya kwa muda wote kazi ambayo kila raia anawajibika kuifanya, ingawa maneno yenyewe, kama wanavyokubali wanahistoria wa leo, yaliandikwa na kupangwa karne moja baadaye na mwandishi Charles Reith. Waingereza hawakulisafirisha wazo hilo hadi makoloni. Huko walipeleka mfano wa polisi wa Ireland, yaani askari wa kambini wenye silaha, wanaohamishwa mara kwa mara ili wasizoeane na wenyeji. Tanganyika huru ilirithi jeshi la namna hiyo mwaka 1961, na mambo mawili kati ya hayo, maisha ya kambini na uhamisho wa mara kwa mara, yangali yanaamua hadi leo kama mkulima wa Mponde atamwambia polisi anachokijua au atanyamaza.

Mponde ni kata iliyoko upande wa Bumbuli wa Usambara Magharibi, na inajulikana nje ya wilaya kwa sababu ya kiwanda chake cha chai. Nyumba zimetawanyika juu ya migongo ya vilima na kwenye miteremko yake, mashamba ni madogo na yamebanana, migomba imechanganyika na mahindi, maharage na chai, na barabara ni za udongo ambao wakati wa masika huteleza kiasi kwamba pikipiki husukumwa badala ya kupandwa. Umbali unaoonekana kuwa mfupi kwa macho, kutoka kilima kimoja hadi kingine, unaweza kuchukua saa nzima ya kushuka na kupanda. Katika mazingira ya aina hii haiwezekani kwa askari kufika wakati tukio linatokea, hata kama serikali ingeongeza magari mara mbili, kwa sababu tatizo haliishii kwenye gari. Anayefika kwanza ni jirani. Yeye ndiye anayesikia mlango ukivunjwa, ndiye anayeona nyayo kwenye tope kabla mvua haijazifuta, na ndiye anayejua ni nani aliyekuwa akiuliza bei ya ng'ombe kwenye gulio wiki iliyopita huku hana ng'ombe wa kuuza.

Uhalifu, kwa maana ya kisheria, ni kitendo au uzembe ambao dola imeukataza na kuuwekea adhabu, tofauti na madai, ambayo ni mgogoro wa haki kati ya mtu na mtu. Katika vijiji vya milimani mstari huo hauonekani kirahisi. Kosa la jinai mara nyingi huzaliwa na dai lililokaa muda mrefu bila kusikilizwa: mpaka wa shamba uliosogezwa, urithi uliogawanywa kwa upendeleo, mfereji wa maji uliozibwa juu ya kilima na kumwachia ukame mtu wa chini. Wezi wa mazao na wa mifugo wapo, wavunjaji wa nyumba wapo, na wapo wanaopasua magogo usiku ndani ya misitu ya hifadhi. Lakini panga linaloinuliwa katika ugomvi wa mpaka, na kipigo kinachotolewa ndani ya nyumba ya mtu, hutoka mikononi mwa watu ambao kijiji kizima kinawafahamu kwa majina ya baba zao. Kwa hiyo swali gumu katika kijiji kama Mponde ni nani atakayekuwa tayari kumtaja mhalifu hadharani, kwani kumjua si kazi kubwa.

Kiwanda cha chai chenyewe kinatoa fundisho la pembeni. Mwaka 2013 kilifungwa kutokana na mgogoro wa muda mrefu kati ya wakulima na uendeshaji wa kiwanda uliotokana na ubinafsishaji, serikali ikakirejesha mikononi mwake mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa majani ya chai yalikosa pa kwenda. Polisi wanaweza kulinda lango la kiwanda lisivunjwe, ila hawawezi kuamua nani ana haki nacho, na kila wanapotumwa kusimama kati ya pande mbili katika mgogoro wa namna hiyo, popote pale nchini, upande mmoja huondoka ukiamini kwamba askari ni wa upande wa pili. Hasara hiyo ya imani haiandikwi katika kitabu chochote cha kituoni, lakini siku mpelelezi atakapopita kuulizia habari za ng'ombe aliyeibwa, atakutana nayo mlangoni.

Historia ya Wasambaa inaonyesha kwamba hali hii si ngeni. Katika ufalme wa Wakilindi, ambao makao yake yalikuwa Vugha na ambao ulifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, kesi ndogo ziliamuliwa na wazee na machifu wa sehemu, na mambo ya uhai na kifo yalikuwa ya mfalme. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechapisha utafiti wake juu ya ufalme huo mwaka 1974, ameeleza imani ya Wasambaa kwamba mamlaka moja yenye nguvu ndiyo huleta mvua na neema, ilhali mamlaka zinazoshindana katika nchi moja huleta njaa. Mtu anaweza asiikubali imani hiyo kuhusu mvua, lakini kuhusu usalama wa kijiji ina ukweli wake, kama itakavyoonekana tutakapofika kwenye suala la sungusungu. Wajerumani na Waingereza walivunja mamlaka ile ya zamani kisha wakavitumia vipande vyake, na mfano ulio wazi kabisa wa sheria isiyo na wenyewe ulitokea katika milima hii hii, pale ambapo Mpango wa Usambara wa miaka ya 1940 na 1950 uliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waliokataa walishtakiwa na kutozwa faini, upinzani ukaenea, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Sheria ilishindwa kwa sababu hakuna mkulima aliyeona kuwa ni wajibu wake kumsaidia mtekelezaji wa sheria dhidi ya jirani ambaye kosa lake lilikuwa kulima kama baba yake alivyolima.

Serikali ya uhuru ilijaribu kuziba pengo kati ya dola na kaya kwa njia kadhaa, ambazo hazikuwa na mafanikio sawa. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha mfumo wa nyumba kumi, ambao kila kaya 10 ziliwekwa chini ya balozi aliyewajua wote, aliyepokea taarifa za wageni na kusuluhisha ugomvi mdogo. Mfumo huu ulikuwa na nguvu kubwa ya kujua na udhaifu mkubwa wa kisiasa, kwa kuwa ulikuwa wa chama. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, balozi akabaki kiongozi wa chama kimoja, na kazi yake ya kiusalama ikabidi ichukuliwe na mwenyekiti wa kitongoji, yaani kiongozi anayechaguliwa wa sehemu ndogo kabisa ya kijiji kiutawala. Kenya, inafaa kutajwa kwa kupita, iliuazima mfumo huu na jina lake mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, wakati ambapo katika nchi ulikozaliwa ulikuwa umeshapoteza sehemu kubwa ya makali yake. Mgambo, ambao ni raia waliopewa mafunzo ya kijeshi ya muda mfupi, walipewa kwa sheria ya mwaka 1975 mamlaka ya kukamata yanayokaribia yale ya polisi, na hadi leo ndio wanaomsindikiza mtendaji wa kijiji anapokwenda kumwita mtu mkaidi.

Sungusungu ni habari nyingine, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Vikundi hivi vilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, katika kipindi ambacho wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu na imani yao kwa polisi na mahakama ilikuwa imekwisha. Wanakijiji walijipanga wenyewe, wakachagua viongozi wao, wakaweka viapo, wakawinda wezi kwa upinde na mishale, na adhabu waliyoitumia sana, ya kumtenga mkosaji asisalimiwe, asiazimwe moto wala kuzikiwa ndugu, ilikuwa kali kuliko kifungo cha miezi 6. Wizi ulipungua, na kwa sababu hiyo viongozi wa kitaifa, akiwamo Mwalimu Nyerere, waliwaunga mkono hata pale wanasheria walipolalamika. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuviingiza vikundi hivyo ndani ya mwavuli wa sheria, na jina la sungusungu likaenea hadi mikoa ambayo haikuwahi kuwa na viapo wala mishale.

Kilichoenea, hata hivyo, kilikuwa jina na lindo la usiku, na mizizi ya kijamii iliyokiwezesha kikundi kujidhibiti chenyewe haikusafiri pamoja nalo. Katika Shinyanga ya mwaka 1982, mlinzi aliyempiga mtu bila haki aliwajibika mbele ya mkutano ule ule uliomchagua. Katika sehemu nyingine, sungusungu aligeuka kuwa kijana mwenye rungu na filimbi anayelipwa kwa michango ya kaya, na palipokosekana usimamizi akaanza kuwatoza faini wasiotoka lindoni, kuwashikilia watu ofisini mwa kijiji, na kuwapiga ili wakiri. Hapo ndipo fikra ya Wasambaa ya nguvu mbili zinazoshindana inapopata maana yake, kwani mwananchi aliyepigwa na mlinzi wa kijiji hukimbilia polisi kumshtaki, mlinzi naye huwashtaki polisi kwa wananchi kuwa wanawaachia wezi, na mwizi, aliye kati yao, hufanya kazi yake kwa utulivu. Kisheria jambo liko wazi: kijiji hakiwezi kutoza faini ya lindo mpaka kiwe na sheria ndogo, ambayo ni kanuni inayopendekezwa na halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake ni unyang'anyi wenye muhuri.

Mpango unaoitwa polisi jamii, ambao ulipata msukumo mkubwa kuanzia mwaka 2006 chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi Saidi Mwema, ulikusudia kuondoa ushindani huo kwa kuvifanya vikundi vya ulinzi shirikishi kuwa sehemu ya kazi ya polisi, vikifundishwa na kusimamiwa nao. Polisi jamii ni utaratibu ambao askari na wakazi hutambua pamoja matatizo ya usalama ya eneo lao na kugawana kazi ya kuyatatua, na matokeo yake yanayoonekana zaidi vijijini ni kupangiwa kwa kata askari wake, ambaye siku hizi huitwa mkaguzi wa kata. Mwaka ule wa 2006 haukuwa wa kubahatisha. Januari yake wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa Dar es Salaam wakiwa mikononi mwa polisi, tume iliyoongozwa na jaji ikaundwa, na nchi nzima ikafuatilia kesi hiyo kwa miaka. Jeshi lililokuwa likiwaomba wananchi wawe jicho lake lilikuwa wakati huo huo likitazamwa na wananchi hao kwa jicho la shaka.

Wajibu wa mkazi kwa polisi, kwa hiyo, hauna budi kuelezwa kwa usahihi, maana mikutano ya hadhara huuzungumzia kwa ujumla mno, kana kwamba kulinda ni kukesha tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ambayo ndiyo inayoeleza namna mtuhumiwa anavyokamatwa, kupelelezwa na kushtakiwa, inamtaka katika kifungu chake cha 7 kila mtu anayejua kwamba kosa la jinai limetendwa au linakusudiwa kutendwa, au anayejua kuhusu kifo cha ghafla au cha mashaka, atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa mtu mwenye mamlaka katika eneo lake, naye aifikishe kituoni. Sheria hiyo hiyo inamkinga mtoa taarifa asishtakiwe kwa madhara yaliyotokana na taarifa aliyoitoa kwa kufuata wajibu huo. Inamruhusu pia raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa fulani, kwa masharti kwamba amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mamlaka ya raia yanaishia hapo. Kanuni ya Adhabu nayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemsaidia mhalifu kukwepa adhabu huku akijua, lakini imewaachia mke na mume nafasi ya kuhifadhiana bila kuhesabiwa kosa hilo, na ni vyema kwamba waliotunga sheria walikumbuka kwamba kuna wajibu usioweza kudaiwa kwa binadamu.

Kuna jambo ambalo wajibu huu haujumuishi kabisa, nalo ni kumpiga mtuhumiwa hadi afe. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuandika juu ya "wananchi wenye hasira kali", na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaorodhesha mauaji ya namna hii katika ripoti zake za kila mwaka. Maneno hayo ya magazeti yana kasoro moja kubwa: yanaigeuza hasira kuwa mtendaji na kuwaficha watu wenye majina. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika, na ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kuhifadhiwa maisha yake na jamii. Mauaji hayo pia huua ushahidi. Mwizi aliyechomwa hawezi kueleza nani alimwagiza, nani alikuwa akinunua ng'ombe kule bondeni, wala nani alimwachia mlango wazi, na si ajabu kwamba wakati mwingine anayepiga kwa nguvu zaidi ndiye aliyekuwa na sababu ya kutaka kinywa hicho kifungwe.

Tatizo lenyewe huanza baada ya taarifa kutolewa. Mtu aliyeibiwa akifika kituoni, malalamiko yake huandikwa katika kitabu cha taarifa na hupewa namba, ambayo watu huiita RB, kisha jalada hufunguliwa na mpelelezi huchukua maelezo ya walioona. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya polisi iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza na ambayo baadaye huwa sehemu ya ushahidi wa majeraha. Mpaka hapa kijiji huwa kimoja, hasira bado ni mbichi na kila mtu anazungumza. Miezi inapita. Mtuhumiwa anapata dhamana, yaani ruhusa ya kuwa nje kwa ahadi ya kurudi mahakamani, ambayo ni haki yake katika makosa mengi, lakini kijijini kurudi kwake hueleweka kuwa amehonga, hasa kwa kuwa hakuna aliyewaeleza watu dhamana ni nini. Mama yake anakuja kukaa jikoni kwa mama wa shahidi. Wajomba wanakutana. Inagundulika kwamba shahidi na mshtakiwa ni watu wa ukoo mmoja, au mmoja ameoa kwa mwingine, au wote wanategemea maji ya mfereji mmoja. Wito wa mahakama unapofika, shahidi anaumwa, au anakumbuka kwamba usiku ule kulikuwa na ukungu na hakuona vizuri. Usambara ukungu haukosekani.

Kesi hufutwa kwa kukosa mashahidi, na kijiji husema polisi wamemwachia mwizi. Polisi kwa upande wao husema wananchi hawana ushirikiano. Kila upande una nusu ya ukweli, na hakuna anayetaja nusu ya mwenzake. Askari anayelaumu wanakijiji kwa kunyamaza husahau kwamba yeye atahamishwa ndani ya miaka michache kwenda Mtwara au Kigoma, wakati shahidi atabaki, atakunywa maji ya mfereji ule, atapanda njia ile ya kwenda gulioni, na watoto wake watakaa dawati moja na watoto wa aliyefungwa kwa ushahidi wake. Gharama ya ushahidi katika kijiji haifanani na gharama yake mjini, ambako shahidi na mshtakiwa wanaweza wasionane tena maishani. Mwanakijiji anayenyamaza mara nyingi huwa ameshapiga hesabu yake, na hesabu hiyo haina kosa.

Ziko kesi ambazo hesabu hiyo huishia pazuri. Kijana aliyeiba mkungu wa ndizi akaitwa mbele ya wazee, akarudisha thamani yake na kuomba radhi, amehukumiwa vizuri kuliko ambavyo angehukumiwa baada ya kukaa mahabusu pamoja na majambazi, na sheria ya mwaka 1985 iliyounda mabaraza ya kata ilitambua busara hiyo kwa kuyapa kazi ya usuluhishi. Lakini neno "kumalizana" limebebeshwa mzigo usio wake linapotumiwa kwa mtoto aliyebakwa au mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe. Familia hukutana, mbuzi au fedha hubadilisha mikono, mtoto hupelekwa kwa shangazi, na jalada hufa. Kukubali malipo ili kuficha jinai ni kosa lenyewe kwa Kanuni ya Adhabu, na madawati ya jinsia na watoto yaliyoanzishwa katika vituo vya polisi yaliwekwa kwa sababu makosa haya yalikuwa yakiishia sebuleni. Anayeumia huwa hana kiti katika kikao kinachomaliza shauri lake, na kwa kipimo hicho kimoja, bila haja ya kingine, mtu anaweza kutenganisha suluhu na ufichaji.

Wizi wa misitu unafanana na hali hii kwa namna yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeviruhusu vijiji kushiriki kusimamia misitu iliyo jirani navyo kupitia kamati za maliasili, na katika Usambara, ambako misitu ya asili imebaki vipande vipande juu ya vilima vinavyotoa maji ya mabondeni, wazo hilo lina mantiki kubwa. Kamati hujua njia za wapasuaji wa mbao, kwa kuwa mbao hubebwa kichwani na hupita mbele ya nyumba za watu alfajiri. Ila mpasuaji mara nyingi ni kijana maskini wa kijiji hicho hicho, na mnunuzi mwenye gari hasogei karibu na msitu. Kamati inayomkamata kijana na kumwacha mnunuzi hujipatia chuki bila kuokoa mti, na taarifa inayomfaa polisi zaidi ni namba ya gari lililopakia, ambayo mwanakijiji anaweza kuitoa bila kumtaja jirani.

Hofu nayo ina sababu zake za hivi karibuni. Katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, kati ya mwaka 2015 na 2017, wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine pamoja na polisi, na tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa Kibiti kwa kushambuliwa wakiwa ndani ya gari lao. Mkoa wa Tanga wenyewe ulishuhudia mapambano katika mapango ya Amboni Februari 2015 na mauaji ya watu 8 huko Kibatini mwishoni mwa Mei 2016. Bumbuli si Kibiti, na vitisho vya kila siku huko milimani ni zaidi vya migomba kukatwa usiku kuliko vya risasi, lakini kila mwenyekiti wa kitongoji nchini alizisikia habari hizo redioni na akaelewa kwamba anayepeleka jina kituoni hulipeleka akiwa peke yake. Bunge lilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, inayoahidi usiri na ulinzi. Usiri, hata hivyo, ni kitu kigumu kukipata mahali ambapo pikipiki ya polisi ikisimama mbele ya nyumba ya mtu habari hufika kilima cha pili kabla askari hajavua kofia ngumu, na kwa sababu hiyo mpelelezi mwenye busara huzungumza na kaya zote za kitongoji, pamoja na zisizojua lolote, ili aliyesema asitambulike miongoni mwa walioulizwa.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ilipendekeza mabadiliko makubwa katika Jeshi la Polisi, mengi yakihusu namna watu wanavyokamatwa, wanavyopelelezwa na wanavyoshikiliwa. Mapendekezo ya tume hujadiliwa Dodoma, lakini kwa kijiji mambo machache yangetosha kuanzia. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji, unaowahusisha wakazi wote watu wazima, ufanyike walau kila miezi 3, na kamati ya ulinzi na usalama ya halmashauri ya kijiji ina nafasi yake katika ajenda. Kinachosomwa hapo kwa kawaida ni maagizo: toeni michango ya lindo, toeni taarifa za wageni. Kisichosomwa ni marejesho. Mkaguzi wa kata angeweza kuulizwa mbele ya mkutano, bila jina la mtoa taarifa yeyote kutajwa, kesi ngapi zimefunguliwa kutoka kijijini hapo tangu mkutano uliopita, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimefutwa na kwa sababu gani, na kama mashahidi walioitwa walilipwa nauli yao. Majibu yake yangeingia katika muhtasari, na mkutano ujao ungeanza kwa kuusoma.